Soseji bila nyama ipo kwenye unga wa kwa Mangi, si lazima supamaketi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba msiikate sana, maana mkikata katikati ya maelezo mtu ataharibu unga wake bure. Ni kuhusu ile hotidogi ya vegani, yaani isiyo na chochote cha mnyama, mliyoitoa kwenye kurasa za mapishi za wikiendi. Kwanza hongereni kwa kuthubutu, magazeti yetu mapishi ni pilau, biriani, keki na juisi ya parachichi, ikifika Desemba ni pilau tena. Ila ile orodha ya mahitaji jamani! Gluteni, yaani protini ya ngano, iliyokwishakaushwa ikawa unga, moshi wa maji wa kwenye chupa, hamira fulani ya njano isiyoumua chochote, paprika ya moshi, halafu mwisho mmeandika vyote vinapatikana supamaketi kubwa. Mimi nakaa Tabata, hapa kwa Mangi kuna unga, sukari, mchele, maharage, mafuta ya kupima, nyanya ya kopo na viberiti. Nilimtuma kijana supamaketi moja huko mjini akarudi na habari kwamba hiyo hamira ipo, kopo dogo tu, na hela yake unapata steki kilo nzima na chenji inabaki. Sasa mtu anataka kupumzika nyama unampeleka kwenye kitu cha bei kuliko nyama, si ndo atarudi buchani mbio?

Na kibaya zaidi mnawapa silaha wale wanaosema kuacha nyama ni mambo ya watu wa Masaki. Siyo kweli. Soseji isiyo na mnyama hata chembe inatengenezwa nyumbani kwa unga wa ngano ule ule wa chapati, maharage kidogo na viungo vya sokoni, tena inavutika mdomoni kama soseji inavyotakiwa, haivunjiki vunjiki kama kababu.

Niseme mapema mi mwenyewe siyo vegani, majirani wasije wakanicheka, mishkaki nakula na supu ya asubuhi ikipita siikatai. Ila ninaishi na binti wa kaka yangu, anasoma chuo hapa Dar, na huyo ameacha nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. Tulimbishia weee mpaka tukachoka. Sasa mtoto wa watu akae mezani na wali mchicha kila siku wakati wadogo zake wanagombania soseji, roho ikawa inaniuma, nikaanza kuuliza uliza, na waliokuwa na majibu ni kina mama wa Kisabato. Hao msiwachukulie poa. Kupika bila nyama kwao ni jambo la zamani, kule Battle Creek, Michigan, ambako kanisa lao lilianzishwa rasmi mwaka 1863, Dk. John Harvey Kellogg, wa familia hiyo hiyo ya konfleksi, mwishoni mwa miaka ya 1800 alishakuwa anawatengenezea wagonjwa wake nyama za karanga na za ngano. Na watawa wa Kibuddha kule China wamekula nyama ya ngano karne na karne kabla ya huyo Kellogg kuzaliwa. Kwa hiyo si fasheni ya juzi.

Haya, tuingie jikoni.

Chukua unga wa ngano mweupe kilo moja. Geuza pakiti usome nyuma, pameandikwa protini gramu ngapi kwenye gramu 100, ukikuta 11 au zaidi huo ndo wenyewe, ukikuta 8 au 9 huo ni wa keki utapata kidogo sana utanilaumu. Unga wa ngano isiyokobolewa uache, pumba zitakusumbua kwenye kuosha. Tia chumvi kijiko cha chai, maji nusu lita na ushee, kanda donge liwe gumu kidogo kuliko la chapati, na ukande kweli kweli, dakika kumi za jasho, mpaka ukilivuta halikatiki ovyo. Lifunike na maji ya baridi kwenye beseni uliache saa moja au mawili, ukilisahau usiku kucha kwenye friji hamna neno.

Sasa ndo kuosha. Donge likiwa ndani ya maji unaliminya, unalikunja, unaliminya tena, maji yanakuwa meupe pe, huo ni wanga unatoka. Badilisha maji, endelea. Kuna mahali katikati hapo donge linaanza kuachana vipande vipande utadhani limeharibika, na hapo ndo wengi wanakata tamaa wanasema resipi ya uongo, wewe tulia, weka chujio chini ili vipande visipotee, endelea kuminya, vitashikana tena vyenyewe na utaona kitu kinavutika mkononi, rangi ya kijivu kijivu, hakina sura ya kupendeza nakubali. Ukiona maji yana ukungu mdogo tu acha, usioshe mpaka yawe ya kunywa, wanga kidogo ukibaki ndani soseji inakuwa laini. Kilo nzima ya unga inabaki robo kilo na kidogo, mtu anaweza akalia! Lakini hiyo ndo protini karibu yote ya ule unga, kilichoondoka ni wanga.

Na wanga wenyewe haupotei. Yale maji meupe ya mwanzo yaweke kwenye ndoo yatulie saa kadhaa, maji ya juu mwaga, chini unabaki uji mzito mweupe, huo tia kitunguu, chumvi, pilipili hoho, pika chapati za maji, au tia vijiko viwili kwenye mchuzi uwe mzito. Uutumie siku hiyo hiyo au kesho yake, ukikaa nje unachacha. Usimwage kwenye sinki tafadhali, unaganda kwenye bomba, fundi atakuja na ile stori yake ya kubomoa ukuta.

Gluteni yako iache kwenye chujio nusu saa ichuruzike. Wakati huo andaa mchanganyiko: maharage yaliyoiva vizuri nusu kikombe yaponde, usizidishe, ukizidisha ndo tunarudi kule kwenye kababu. Kitunguu saumu punje nne, kitunguu maji kimoja kidogo ukikaange mpaka kiwe kahawia, nyanya ya kopo kijiko kikubwa kwa ajili ya rangi, soya sosi vijiko viwili vikubwa, mafuta ya kula vijiko vitatu na usiyaonee huruma, soseji bila mafuta inakauka kooni. Kwenye viungo ndo ladha ya hotidogi ilipo, mtu anadhani ni ladha ya nyama kumbe sehemu kubwa ni viungo: pilipili manga, giligilani ya unga, paprika ya kawaida, haradali, na kungumanga ya kukwaruza kidogo sana, hiyo kungumanga ndo inafanya mtu aseme "aaah, hii ni soseji". Sukari nusu kijiko cha chai. Chumvi onja kwanza maana soya sosi ina chumvi yake ya kutosha.

Katakata gluteni vipande vidogo kwa kisu kikali, changanya na hayo yote, tia unga wa dengu vijiko vinne au vitano vikubwa unyonye maji. Mwenye blenda ya nguvu azungushe kidogo kidogo, ikianza kunusa kuungua azime haraka, gluteni inavuta mota vibaya mno. Asiye na blenda atumie kinu, na kusema kweli cha kinu naona kinatoka vizuri zaidi, vinyuzi vinabaki. Ukishaona limeshikana gawa mafungu saba au nane, viringisha urefu wa mkate wako.

Kufunga, foili ni sawa, lakini kama una mgomba nyuma ya nyumba kata jani, lipitishe juu ya moto lilegee, funga humo humo na kamba zake, harufu yake ni nyingine kabisa. Kaza, sokota ncha mbili kama pipi. Pika kwa mvuke dakika 45, maji ya chini yachemke taratibu na yasiiguse soseji. Msirahisishe hapa kwa kuitupa moja kwa moja kwenye maji yanayotokota, inavimba, inajaa matundu, unakula sponji. Ikitoka mvukeni inakuwa laini laini ya ajabu ajabu, watoto watataka kuonja, wakatalie, iache ipoe kabisa iingie friji mpaka kesho yake. Usiku ule kwenye friji ndo inakaza. Kesho unaichanja mistari miwili mitatu kwa kisu, unaikaanga kwenye mafuta kidogo mpaka ngozi ipate rangi.

Moshi je? Hapa ndo nilipochoka kabisa na resipi yenu, nchi yenye jiko la mkaa kila baraza mnatuambia tununue moshi wa chupa! Watu wa Pwani wanalijua hili toka zamani: panga soseji kwenye sufuria, katikati weka kibakuli cha bati au foili uliyoikunja, tia humo kaa moja linalowaka vizuri, dondoshea matone ya mafuta, moshi ukipanda tu funika haraka, acha dakika tano mpaka kumi. Ukitaka uingie zaidi tia kipande cha kifuu cha nazi juu ya kaa. Fanyia nje au dirisha likiwa wazi. Basi, moshi huo, bure.

Wapo ambao ngano hawaruhusiwi kabisa, wenye ugonjwa wa seliaki, hao hii wasiguse hata kwa kuonja maana ni gluteni tupu. Wao watumie soya au maharage na unga wa muhogo wa kushikisha, itakuwa laini, haitavutika, ila inaliwa. Na kwa wote, maharage mekundu msiyatie mabichi au nusu mbichi kwenye blenda eti yataiva kwenye mvuke. Yana sumu yake ya asili inayotapisha na kuharisha, inaondoka kwa kuloweka usiku, kumwaga yale maji na kuchemsha kwa moto mkali, dakika kumi za kutokota kweli kweli ni lazima kabla hujapunguza moto. Soya nayo mbichi haifai, loweka, chemsha iive. Hili resipi yenu haikuligusa kabisa na naona ndo lilikuwa la kuandikwa kwa herufi kubwa.

Sasa niwajibu kina baba wa kijiweni, maana najua wanasoma: "hiyo siyo soseji, soseji ni nyama." Haya. Vita ya Kwanza ya Dunia, Ujerumani imefungiwa bahari, chakula hakuna, meya wa jiji la Köln akatengeneza soseji ya soya ili watu wake wasife njaa. Ujerumani wakamkatalia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, sheria yao inasema soseji lazima iwe na nyama, yaani hoja ile ile ya kijiweni. Akaipeleka Uingereza, nchi ambayo wanapigana nayo, mpaka kule Msumbiji Von Lettow, kamanda wa Wajerumani, bado anakimbizana na Waingereza, na Juni 1918 Uingereza ikampa hataza! Meya huyo ni Konrad Adenauer, ndiye alikuja kuwa Kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi mwaka 1949. Kwa hiyo ubishi huu una miaka zaidi ya mia na nchi ya soseji yenyewe ndo iliuanzisha.

Kuhusu afya nitasema machache maana kwenye afya watu wanapenda kutishana. Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliziweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, kwenye kundi la vitu ambavyo ushahidi wa kusababisha saratani umetosha, wakasema gramu 50 kila siku, ambayo ni kama soseji moja ya hotidogi, inaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Haimaanishi soseji moja ya birthdei inaua, wala haimaanishi ni sawa na sigara japo zipo kundi moja, kundi linasema ushahidi una uhakika kiasi gani, halisemi hatari ni kubwa kiasi gani. Na soseji ya ngano nayo siyo dawa, ukiijaza chumvi presha itakuja vile vile. Na mtu kama binti yetu asiyekula chochote cha mnyama soseji hii haimpi vitamini B12, hiyo atafute ya vidonge au vyakula vilivyoongezewa, ukiidharau damu inapungua na mishipa ya fahamu inaumia polepole bila mwenyewe kujua. Hilo nimembana nalo mpaka ananikimbia.

Mkate nao una mtego. Mikate mingi ya hotidogi ina maziwa, mingine imepakwa yai juu ing'ae, soma karatasi au muulize mwokaji. Nyumbani kanda mkate wako kwa tui la nazi badala ya maziwa, hamira, sukari kidogo, mafuta, unatoka mlaini kuliko wa dukani. Juu weka kachumbari, pilipili ya embe au ukwaju uliopikwa na sukari. Mayonezi ya kawaida ni mayai, kwa vegani hapana.

Na wanaoweza kuipenda ni wengi kuliko mnavyofikiri. Wakatoliki Ijumaa za Kwaresima hawali nyama. Wahindi wetu wa Kisutu wengi hawali nyama maisha yao yote. Rafiki zangu Waislamu soseji ya dukani wanaikagua mara mbili mbili, nyama imechinjwa na nani, ngozi ya nje imetoka kwa mnyama gani, hii yangu wanakula bila kuuliza. Niliipeleka kwenye maulidi ya jirani ikaisha kabla ya sambusa. Vijana wa kukaanga soseji na mayai barabarani wangeweza kuiweka pembeni ya zile za nyama, ila kwa masharti: waikaange kwenye kikaango chake na mafuta yake, na wamwambie mteja wazi kwamba ni ngano na soya, maana kuna watu inawadhuru, wasimuuzie mtu wakidai ni kuku.

Za nyumbani hazina dawa ya kuhifadhi, kwa hiyo friji siku nne zisizidi, friza miezi miwili ukizifunga vizuri. Umeme ukikatika usiku kucha na friji ikapoteza ubaridi usizinuse nuse kujipa moyo, tupa.

Sasa ombi langu Mhariri. Kila resipi mnayotoa, kabla haijapigwa chapa, mtu mmoja pale ofisini ashuke dukani kwa Mangi na ile orodha mkononi, kisichopatikana muandike mbadala wake hapo hapo. Mwenye njia ya kuosha unga kwa haraka zaidi ya hii pia aandike, maana mikono inachoka kweli na naambiwa Arusha kuna kina mama wanaifanyia kwenye mfuko wa kitambaa, sijaiona bado. Na mkitoa picha, mpige ya soseji iliyopikwa kweli, siyo ile ya kutoka intaneti yenye mkate wa ufuta na jani la saladi ambalo hata kwenye orodha yenu halikuwepo.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tabata, Dar es Salaam